Mkojo Ukigoma, Korodani Ikiuma: Kipi Kisubiri Asubuhi na Kipi Kisisubiri?

Barua za safari hii zimetoka zaidi Dodoma na Singida, na karibu zote zinauliza jambo moja: hili linasubiri kesho, au tuondoke sasa hivi? Matatizo mengi ya njia ya mkojo yanasubiri. Tuliyoyachagua hapa mengi hayasubiri, na ubaya wake ni kwamba yakifika kwenye duka la dawa huitwa U.T.I., mgonjwa akapewa vidonge vya siku tano, kumbe alichohitaji ni mpasuaji ndani ya saa sita.

Mwanangu ana miaka 14, yuko shule ya bweni. Wiki iliyopita aliamka usiku akilia tumbo la chini, akatapika mara mbili. Matroni akampa dawa ya kutuliza maumivu. Asubuhi ndipo akamwambia mwenzake kwamba kilichokuwa kinauma ni korodani ya kushoto. Maumivu yameisha yenyewe na sasa anacheza mpira. Niache?
*Mama, Kondoa*

Usiache, mama. Mpeleke wiki hii hii akaonwe na daktari anayepasua. Ulivyoeleza ndivyo korodani inavyojisokota kisha ikajifungua yenyewe, na iliyofanya hivyo mara moja hurudia. Safari nyingine inaweza isijifungue.

Korodani inaning'inia kwenye kamba moja iliyobeba mishipa ya damu, neva na mrija wa mbegu. Wapo wavulana ambao tangu kuzaliwa korodani yao haikushikizwa vizuri ndani ya mfuko, hivyo inazunguka. Kamba ikishasokoteka, damu haipiti, kama maji kwenye mpira wa kumwagilia zabibu uliojikunja. Umri wake hasa ni miaka 12 hadi 18, ingawa hata kichanga huweza kupata. Wengi huamshwa na maumivu usingizini bila kupigwa wala kuanguka. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 nyingi hupona. Saa 12 zikipita nafasi inabaki kama nusu, na baada ya saa 24 zinazookolewa ni chache mno. Saa hizo zinahesabiwa tangu maumivu yalipoanza, si tangu mtoto aliposhinda aibu akasema.

Dalili zake: maumivu ya ghafla upande mmoja, kichefuchefu au kutapika, korodani iliyopanda juu kuliko mwenzake na wakati mwingine kulala kimshazari. Daktari akikwaruza taratibu ngozi ya ndani ya paja, korodani ya upande mzima hupanda kidogo; iliyosokotwa kwa kawaida haisogei. Maambukizi huja kivingine: maumivu hujijenga siku mbili tatu, mara nyingi pamoja na homa na mkojo unaochoma, na huonekana zaidi kwa aliyekwisha kuanza kujamiiana. Hata hivyo tofauti hizo si za kumwamulia mtoto nyumbani. Mvulana mwenye maumivu ya ghafla ya korodani achukuliwe kuwa imejisokota mpaka daktari athibitishe vingine. Ultrasound inasaidia ikiwa ipo hapo hapo na mpimaji yupo. Kumlaza mtoto Ijumaa usiku ili apimwe Jumatatu ni kuamua kuipoteza.

Upasuaji wenyewe si mkubwa. Mfuko unachanwa, korodani inazungushwa irudi mahali pake, inafunikwa kwa kitambaa cha uvuguvugu kuona kama rangi inarudi, kisha inashonwa isizunguke tena. Ya upande wa pili nayo inashonwa siku hiyo hiyo, kwa sababu kasoro huwa pande zote. Daktari wa hospitali ya wilaya anayepasua ngiri na busha anaiweza kazi hii. Ndiyo maana tunasema: ukiwa Kondoa usikimbilie Dodoma, kilomita 150 na ushei, kabla hujauliza kama chumba cha upasuaji cha hapo kinafanya kazi usiku huo. Njiani asile wala kunywa, maana atapewa nusukaputi. Usimkande kwa maji ya moto. Andika saa maumivu yalipoanza. Daktari akijaribu kuizungusha kwa mkono na maumivu yakapoa, bado kushona kunabaki palepale.

Na kwa matroni na patroni wa mabweni: mvulana anayelia tumbo la chini na kutapika aulizwe kuhusu korodani, faraghani, na aangaliwe. Wengi wataona heri kusema tumbo.

Babu yetu ana miaka 72. Mwezi uliopita alipatwa na mafua, akanywa vidonge, kesho yake mkojo ukagoma kabisa. Tulimnywesha maji mengi na kumkanda kiuno usiku kucha. Asubuhi kituo cha afya wakamwekea mpira wa mkojo (katheta), ikatoka lita moja na nusu. Je, ikirudia tufanyeje, na huo mpira unatunzwaje?
*Mjukuu, Mvumi*

Maji mengi ndiyo yaliyomzidishia mateso. Kibofu cha mtu mzima huwa kimejaa kwenye mililita 400 hadi 500. Cha babu kilikuwa na mara tatu ya hapo na mlango umefungwa, ninyi mnaongeza. Mtu ambaye mkojo umeziba ghafla, tumbo chini ya kitovu limejaa na linauma, anahitaji mpira saa hiyo. Hauhitaji hospitali kubwa: kituo cha afya chenye mpira, mfuko na muuguzi anayejua kinatosha. Rufaa ije baada ya mkojo kutolewa kibofuni.

Chanzo kwa umri wake mara nyingi ni tezi dume iliyokua, lakini kuna kitu huiwasha siku hiyo. Vidonge vya mafua vya kukausha makamasi ni mshukiwa wa kwanza. Choo kigumu, pombe, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva) na maambukizi ya mkojo vimo pia. Mwambieni kila anayempa dawa kwamba mkojo wake uliwahi kuziba.

Kiasi kilichotoka ni taarifa muhimu. Muiandike kwenye daftari lake la kliniki. Kikizidi lita moja, kuna uwezekano kibofu kilikuwa kinabaki na mkojo kwa muda mrefu, na figo zipimwe kwa kreatinini, kipimo cha damu. Wagonjwa wa namna hii baada ya kufunguliwa huweza kukojoa zaidi ya mililita 200 kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, wakaishiwa maji na chumvi. Hao walazwe, mkojo upimwe kila saa, warudishiwe maji kwa kipimo. Desturi ya kufunga na kufungua mpira ili mkojo utoke kidogo kidogo si lazima, uachiwe utoke.

Kwa kawaida daktari humwanzishia tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, ya miligramu 0.4 mara moja kwa siku, kisha mpira hutolewa baada ya siku chache kuona kama atakojoa mwenyewe. Dawa hiyo hushusha presha anaposimama, kwa hiyo akiamka usiku aketi kwanza kitandani. Kipimo cha PSA (cha damu, cha kuchunguza tezi dume) kisichukuliwe wiki hizi: kuziba kwa mkojo na mpira wenyewe hukipandisha, mkaja kuogopeshwa saratani isiyokuwepo. Subirini kama wiki sita.

Kuhusu utunzaji, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usilale sakafuni, na umwagwe kabla haujajaa. Mpira ufungwe pajani kwa plasta usivutwe. Aoshwe kwa maji na sabuni kila siku. Kama hajatahiriwa, govi lirudishwe mbele baada ya kuosha. Mpira wa kawaida hubadilishwa ndani ya wiki nne, wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Mkojo ukiacha kuteremka, angalieni kwanza kama umepinda, kama ameulalia, kama mfuko uko juu, na kama ana choo kigumu. Vyote vikiwa sawa na tumbo linajaa, nendeni ukasafishwe kwa bomba la mililita 50 na maji safi ya chumvi, au ubadilishwe. Msiuvute. Ndani kuna puto lililojazwa maji, na likipita na maji yake linachana njia nzima.

Jambo la mwisho kwa babu huyu. Mzee anayelowesha kitanda usiku bila maumivu, tumbo la chini limetuna, huyo naye ameziba: mkojo unamwagika kwa kufurika, na figo zinaharibika kimyakimya. Na mkojo ukiziba pamoja na miguu kukosa nguvu au ganzi sehemu za kukalia, tatizo liko kwenye uti wa mgongo, na hiyo ni dharura nyingine kabisa.

Mdogo wangu wa miaka 17 ana siko seli. Huamka uume umesimama, unauma, hauteremki mpaka saa mbili au tatu baadaye. Amenikataza nisimwambie mama.
*Kaka mtu, Manyoni*

Mweleze kwamba hii ni sehemu ya siko seli kama maumivu ya mifupa, wala haina uhusiano na tamaa. Seli zilizopinda zinakwama ndani ya uume, damu inaingia na kushindwa kutoka. Vipindi vifupi vinavyorudiarudia mara nyingi hutangulia kimoja kirefu, na hicho ndicho kinachoharibu. Kliniki yake ya siko seli lazima ijue sasa.

Kikianza, akakojoe, anywe maji, atembetembee, aoge maji ya uvuguvugu, ameze dawa ya maumivu anayotumia siku zote. Barafu hapana, baridi huzidi kuzipinda seli. Kitabuni imeandikwa saa 4 ndiyo mpaka. Sisi kwa mtu wa Manyoni, aliye zaidi ya kilomita 100 kutoka Dodoma, tunasema saa ya pili ikiisha awe anatafuta usafiri, ili ya nne imkute hospitali. Aanze na hospitali iliyo karibu yenye daktari anayeweza kuitoa damu hiyo. Kwenye simu muulizeni hivyo hivyo.

Pale atapewa dawa ya maumivu na maji ya mshipa, ganzi kwenye shina la uume, kisha sindano pembeni kuvuta damu nyeusi iliyotuama humo. Isipotosha, hudungwa fenilefrini (dawa ya kubana mishipa ya damu), mikrogramu 100 hadi 500 kila dakika tatu hadi tano, kwa muda usiozidi saa moja, presha ikipimwa. Dripu au kuongezewa damu peke yake huku uume ukiachwa mpaka kesho si tiba. Kipindi kikivuka saa 24 uwezekano wa kuja kusimamisha maishani unapungua sana, na kikivuka 48 karibu haupo.

Wasio na siko seli nao hupata, hasa waliotumia dawa za nguvu za kiume au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Mpaka wao ni huo huo wa saa 4.

Ni muuguzi wa zahanati wilayani Chamwino. Nimeletewa kijana wa bodaboda aliyegongwa, nyonga inauma, hawezi kukojoa na kuna tone la damu kwenye ncha ya uume. Nimweke mpira kabla ya kumpa rufaa?
*Muuguzi*

Hapana. Tone hilo la damu ndilo jibu. Nyonga ikivunjika, mrija wa mkojo unaweza kuchanika nusu. Mpira ukisukumwa hapo unaukata wote. Michubuko kwenye msamba na damu kuvilia kwenye korodani ni ishara za namna hiyo hiyo. Mwambie asijikamue kukojoa. Funga shuka au kanga pana kuzunguka nyonga, usawa wa mifupa inayotokeza juu ya mapaja na si kiunoni, ikazwe, kwa sababu kinachoua kwanza hapo ni damu inayovuja ndani. Weka dripu, mpe dawa ya maumivu, andika saa ya ajali na saa aliyokojoa mara ya mwisho, apelekwe panapoweza kuwekwa mpira kupitia tumbo la chini.

Kwa mgonjwa asiyeumia, kama babu wa Mvumi, mwanamume mzima hutumia namba 14 au 16. Sukuma jeli ya ganzi mililita 10 hadi 15 kwenye mrija, ngoja dakika tatu hadi tano (wengi hawangoji, ndipo mgonjwa anapobana). Ingiza mpaka kwenye panda ya mpira, uone mkojo, ndipo ujaze puto mililita 10 za maji safi ya sindano. Akilalamika maumivu unapojaza, simama na uyatoe: puto liko kwenye mrija, halijafika kibofuni. Ukikwama, usitumie nguvu wala mpira mwembamba zaidi ili upenye.

Mume wangu anapogoa zabibu Hombolo. Amepata maumivu ya ubavu yanayoshuka hadi kinena, anagaagaa, na mkojo una damu kidogo. Watu wanalaumu maji ya kisima yenye chumvi.
*Mke wake*

Kugaagaa ni dalili nzuri ya kutofautisha: mwenye jiwe la figo hatulii, mwenye kidole tumbo kilichopasuka hataki hata kitanda kitikisike. Sindano ya diklofenaki miligramu 75 ya msuli hutuliza maumivu ya jiwe vizuri, ila asipewe mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo au mjamzito. Jiwe chini ya milimita 5 kwa kawaida hutoka lenyewe. Lililozidi 10 mara chache. Akojolee kwenye kitambaa cheupe ili likitoka mlione na kulipeleka maabara.

Kinachobadilisha mambo ni homa. Jiwe limeziba, nyuma yake mkojo umeoza, joto limefika 38 au anatetemeka: hapo antibiotiki peke yake haifui dafu, kwa sababu usaha hauna pa kutokea. Lazima mkojo utolewe kwa mrija wa ndani au kwa bomba kupitia mgongoni, siku hiyo hiyo. Huyo apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye mabingwa wa njia ya mkojo, mathalani Benjamin Mkapa jijini Dodoma, pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Haraka hiyo inamhusu pia mwenye figo moja, mjamzito, asiyetoa mkojo kabisa, na anayetapika kila anachokunywa. Mzee wa zaidi ya miaka 60 anayepata "jiwe" kwa mara ya kwanza aangaliwe na mshipa mkuu wa tumbo, maana ukipasuka huuma vilevile.

Kisima hakina hatia kubwa. Kosa ni kushinda juani na chupa moja. Mkojo unatakiwa kufika lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Kwa joto la Dodoma hilo linataka anywe lita 3 na zaidi, mpaka uwe wa njano hafifu. Apunguze chumvi ya mezani. Maziwa asiache, kalsiamu ya chakula hukamata tumboni kitu kingine kinachotengeneza mawe.

Watoto wetu huku Mtera wanakojoa damu mwishoni mwa haja. Ni dharura?
*Mvuvi*

Si ya usiku huu. Damu ya mwisho wa mkojo kwa mtoto anayeogelea majini hutia shaka ya kichocho. Apimwe mkojo, atibiwe kwa prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja. Kilo 30 ni vidonge viwili vya 600. Inakuwa dharura damu ikitoka na mabonge, mkojo ukikwama. Mtu mzima wa miaka 45 kwenda juu anayekojoa damu bila maumivu aangaliwe kibofu kwa kamera hata kama alikuwa na kichocho, na zaidi akiwa nacho, kwa kuwa cha muda mrefu huweza kuzaa saratani ya kibofu. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu mkojo wake kuwa mwekundu ni rangi ya dawa.

Mkwe wangu alijifungua salama, lakini kutwa nzima hakukojoa na anasema hasikii haja.
*Mama mkwe, Kongwa*

Saa 6 baada ya kujifungua ndiyo mwisho wa kungoja. Kibofu kimelegea na ganzi imekishika, kinajaa bila yeye kujua. Kikijaa kinausukuma mfuko wa uzazi usikaze, damu inaongezeka. Asaidiwe kuketi na kujaribu faraghani. Ikishindikana awekewe mpira na kiasi kipimwe. Usimruhusu atoke wodini kabla hajakojoa.

Baba ana kisukari. Ana kijipu karibu na korodani, kinauma kuliko ukubwa wake, na ngozi imeanza kuwa nyeusi na kunuka.
*Mwanawe, Bahi*

Ondokeni mkimaliza kusoma mstari huu. Nyama inaoza chini ya ngozi na inasambaa kwa saa, si kwa siku. Mnachokiona juu ni kidogo kuliko kilichoko chini. Mkibonyeza mkasikia chakarachakara ni hewa ya vijidudu. Anahitaji antibiotiki kali za mshipa, sukari kushushwa, na nyama iliyokufa kukatwa yote, mara nyingi zaidi ya mara moja. Msikamue, msipake dawa ya kienyeji.

Mwanangu wa miaka sita anasubiri jando. Alivuta govi nyuma, limekwama, kichwa kimevimba.
*Baba, Mpwapwa*

Limekaza kama kamba na linazuia damu kurudi, kila saa uvimbe unaongezeka. Kituo cha afya watampaka jeli ya ganzi, watazungushia uvimbe kitambaa chenye sukari nyeupe ya kawaida ili ivute maji, kisha watabana kwa mkono dakika tano hadi kumi bila kuachia. Uvimbe ukipungua, vidole gumba viwili vinasukuma kichwa ndani huku vidole vingine vikivuta govi mbele. Ikishindikana linachanwa kidogo kwa ganzi. Tohara ipangwe baada ya wiki chache, uvimbe ukishaisha kabisa.